Mbozi Haipo: Uchambuzi wa Orodha Zinazotegemeana

Stesheneri ile ina kompyuta mbili na foleni isiyokwisha. Siku hiyo mbele yangu alikaa mzee aliyekuja kujaziwa fomu ya mtandaoni, na kijana wa kaunta alikuwa akimuuliza kipengele kimoja kimoja.

"Mkoa, mzee wangu?"

"Songwe."

"Wilaya?"

"Mbozi."

Kijana akaishusha orodha, akaipandisha, akaishusha tena. "Mzee, Mbozi haipo."

"Haipo imekwenda wapi, mwanangu? Nimetoka huko juzi kwa basi."

Foleni nzima ikacheka. Mimi nilicheka nusu, maana riziki yangu ni hiyo hiyo ya kutengeneza fomu za wavuti, na nilishaotea Mbozi imejificha wapi. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya Januari 2016. Aliyeitunza fomu ile alikumbuka kuongeza jina la mkoa mpya kwenye orodha ya kwanza, akasahau kuzihamisha wilaya zake kwenye orodha ya pili. Ndani ya ile kompyuta, Mbozi ilikuwa bado inaishi Mbeya.

Hizi ndizo orodha kunjuzi zinazotegemeana: ukichagua hapa, kule kunabadilika. Mkoa huamua wilaya, wilaya huamua kata, kata huamua mtaa au kijiji. Kenya ni kaunti, eneo bunge na wadi. Kwenye tovuti ya kuuza magari ni kampuni na aina ya gari; kwenye fomu ya mshahara ni benki na tawi. Mtumiaji anaona visanduku vitatu au vinne vilivyopangwa wima. Anayeandika msimbo anaona kazi ya nusu saa, na akishaikabidhi huanza kupigiwa simu kwa miaka.

Nimezitengeneza nyingi na kuzikarabati nyingi zaidi, na nimefikia kuamini jambo moja. Orodha ya pili haina maisha yake. Ni jibu la swali lililoulizwa na orodha ya kwanza, na jibu huoza swali linapobadilika, linapochelewa kufika, au nchi yenyewe inapobadilika. Anayeiandika kama orodha ya kujazwa tu atapata fomu inayofanya kazi mezani kwake na kuharibika stesheneri.

Historia yake ni fupi. Tagi ya select, ile inayochora kisanduku cha kuchagulia, ilikuwamo katika kiwango cha HTML 2.0 kilichochapishwa Novemba 1995. Mwaka huohuo Brendan Eich wa Netscape aliandika JavaScript, lakini katika toleo lake la kwanza hati ya ukurasa, yaani msimbo unaoendeshwa na kivinjari, haikuweza kuongeza wala kuondoa vipengele vya orodha. Uwezo huo ulikuja na Navigator 3.0 mwaka 1996, kupitia new Option, amri ambayo inafanya kazi hadi leo. Bila uwezo huo, ukurasa mzima ulipaswa kwenda kwenye seva na kurudi na orodha mpya. Desturi hiyo ilipata uhai wa pili ASP.NET ilipotoka mwaka 2002, kwa kuwa swichi yake ya AutoPostBack ilimrahisishia mwandishi kila kitu. Ukikuta tovuti ambayo ukichagua mkoa ukurasa wote unapepesa na kukurudisha juu kabisa, huenda unatazama masalia ya zama hizo. Internet Explorer 5 ilikuwa imekwishaleta, mwaka 1999, njia ya kuomba data seva bila kupakia ukurasa upya. Februari 2005 Jesse James Garrett aliipa njia hiyo jina la Ajax, na tangu hapo kila fomu ikataka kuitumia.

Hebu linganisha na menyu za USSD, zile za nyota na reli. Skrini moja hubeba herufi 182 tu. Unajibu swali, skrini inafutika, linakuja jingine. Ukitaka kubadilisha jibu la kwanza inabidi urudi nyuma, na yote yaliyofuata yanapotea yenyewe. Haiwezekani mtu awe na Mtwara juu na Korogwe chini, kwa sababu simu haikuonyeshi vyote viwili kwa wakati mmoja. Ukurasa wa wavuti huyaweka maswali yote mezani na kumruhusu mtu arudi kwenye lolote, muda wowote. Mtumiaji amepewa uhuru, na gharama yake inalipwa na mwandishi wa msimbo.

Gharama ya kwanza ni kufuta. Mtu amechagua Tanga, kisha Korogwe, kisha kata ya Mashewa. Anagundua amejaza taarifa za shangazi yake, anarudi juu na kuchagua Mtwara. Hati nyingi hapo hubadilisha orodha ya wilaya na kuiacha ya kata kama ilivyokuwa, kwa sababu aliyeziandika aliwaza hatua moja tu mbele. Mtu anachagua Masasi, haangalii tena chini, anabonyeza kitufe cha kutuma, na kanzidata inapokea Mashewa iliyoko Masasi. Badiliko la ngazi moja linapaswa kufuta ngazi zote zilizo chini yake, hadi ya mwisho. Njia safi ni kuandika kazi hiyo mara moja, ikipokea namba ya ngazi na kusafisha kuanzia hapo kwenda chini. Ninachokikuta mara nyingi ni vipande vitatu vilivyonakiliwa na kubandikwa, cha tatu kikiwa kimesahauliwa kubadilishwa jina.

Gharama ya pili ni kuchelewa, nayo ndiyo yenye hila. Kidole kimeteleza, mtu amegusa Tanga. Nusu sekunde baadaye anasahihisha na kugusa Mtwara. Maombi mawili yameondoka kwenda kwenye seva. Yuko ndani ya daladala, mtandao unapanda na kushuka, na jibu la Tanga ndilo linalofika mwisho. Hati haijui lolote. Jibu limekuja, inaliandika. Kwenye skrini sasa kuna Mtwara, na chini yake Korogwe, Muheza na Pangani. Aliyeiandika hataliona kosa hili ofisini hata akikesha, kwa kuwa seva yake iko kwenye kompyuta ileile aliyoikalia na kila jibu linarudi kabla hajapepesa jicho.

Dawa ipo na ni nyepesi. Kila ombi lipewe namba. Jibu likirudi, hati iulize kama namba hiyo ndiyo ya mwisho kutolewa, na kama siyo ilitupe. Vivinjari kuanzia 2017 vina pia AbortController, inayokata ombi la zamani kabla halijakamilika, na ni nzuri kwa kuokoa bando. Hata hivyo mimi siachi kuangalia: kabla ya kuandika orodha yoyote, linganisha mkoa ulioulizwa na mkoa uliochaguliwa wakati huo. Ni mstari mmoja wa msimbo.

Kuchelewa kuna ndugu zake. Orodha ya pili ina hali tano. Bado haijaulizwa, imeulizwa na inasubiri, imejibiwa, imejibiwa na hakuna kitu, ombi limeshindikana. Fomu nyingi zinazijua mbili tu, tupu na iliyojaa. Kwa hiyo mtandao ukikata, mtu anaona kisanduku kitupu na kudhani mkoa wake hauna wilaya, au, kama yule mzee, anaambiwa kwao hakupo. Maneno matatu ndani ya kisanduku yangetosha: "Chagua mkoa kwanza", "Inatafuta wilaya", na pale mambo yanapokwama, "Imeshindikana, jaribu tena", pamoja na kitufe cha kujaribia kweli. Wengi hupenda kukifunga kisanduku kwa disabled wakati wa kusubiri, na sina ugomvi nao, mradi wakumbuke kwamba kisanduku kilichofungwa hakitumwi kabisa fomu inapoondoka. Seva haipokei wilaya tupu, haipokei wilaya kabisa. Msimbo wa upande wa seva usiojua tofauti hiyo huanguka kifudifudi.

Nipite haraka kwenye majina, ingawa yameniharibia usiku zaidi ya mmoja. Geita kuna wilaya ya Nyang'hwale. Kenya kuna kaunti ya Murang'a. Mwandishi anayejenga orodha kwa kuunganisha vipande vya maandishi, akiweka thamani kati ya alama mbili za ritifaa, atashangaa kuona seva ikipokea Nyang na Murang. Alama ya ng'ombe imemfungia sentensi katikati. Ukitumia new Option, kivinjari chenyewe hushughulikia alama hizo, na mlango wa wahalifu wanaopenyeza msimbo wao kupitia majina hufungwa papo hapo. Isitoshe, jina halifai kuwa ufunguo. Mmoja ataliandika kwa alama iliyonyooka, mwingine kwa iliyopinda, wa tatu ataisahau, na kompyuta itahesabu wilaya tatu. Kinachotumwa kiwe msimbo wa namba. Jina libaki kwa ajili ya macho.

Sasa njoo kwenye fomu ya kurekebisha taarifa, mahali ninapopeleka jicho kwanza nikiitwa kukagua kazi ya mtu. Taarifa za zamani zipo: Tanga, Korogwe, Mashewa. Hati inaweka Tanga kwenye orodha ya mkoa, kisha Korogwe kwenye orodha ya wilaya. Lakini orodha ya wilaya bado haina kitu, na kivinjari kikiambiwa kichague kipengele kisichokuwapo hakilalamiki. Kinaacha bila chaguo. Tena hati inapobadilisha thamani yenyewe, tukio la change halilipuki, kwa sababu tukio hilo ni la mkono wa mtu. Basi hakuna anayezileta wilaya. Mtu aliyekuja kubadilisha namba ya simu anabonyeza "Hifadhi" na kuondoka akiwa hana wilaya wala kata, na hajui. Ili kuepuka hilo mnyororo ujengwe kwa zamu: weka mkoa, ngoja wilaya zifike, weka wilaya, ngoja kata. Afadhali zaidi, seva ilete ukurasa ukiwa na orodha zote tatu zimekwishajazwa, hati ianze kazi pale mtu anapogusa kitu.

Kitufe cha kurudi nyuma nacho kina vituko vyake. Kivinjari hukumbuka mtu alichochagua na kujaribu kukirudisha, lakini orodha iliyojengwa na hati haikuwamo katika ukurasa wa asili, kwa hiyo mkoa unaweza kurudi bila wilaya. Ukurasa unapofunguka, hati isidhani kuwa mkoa hauna chaguo. Isome kilichopo na kukifuata.

Wapo watumiaji ambao hawatumii kipanya. Kwenye Windows, mtu akiwa juu ya orodha iliyofungwa na kubonyeza mshale wa chini, kila mbonyezo ni chaguo jipya na kila chaguo hulipua change. Tanzania ina mikoa 31, na kwa alfabeti Arusha ni ya kwanza na Tanga ya mwisho: mibonyezo 30, maombi 30 kwa seva. Kusubiri robo sekunde kabla ya kuomba huondoa karibu yote. Kosa baya zaidi ni hati inayomrusha mtu kwenye kisanduku kinachofuata mara tu anapochagua. Huyu wa mishale anarushwa akiwa bado yuko Dar es Salaam. Kwa asiyeona, anayesikilizishwa ukurasa na programu, mabadiliko ya kisanduku cha pili hayana sauti kabisa mpaka uweke eneo la aria-live litakalomtangazia, kwa mfano, "Wilaya 5 za Mtwara zimepatikana".

Swali linalogawa wataalamu ni wapi data ikae: ndani ya ukurasa tangu mwanzo, au kwenye seva ikiombwa kidogo kidogo. Nadhani ugomvi huu humalizwa na hesabu. Mikoa 31 na wilaya zake ni kilobaiti chache, chini ya picha ndogo ya nembo. Ziweke ndani ya ukurasa na matatizo yote ya kuchelewa yatatoweka, kwa kuwa hakuna ombi la kuchelewa. Kaunti 47 za Kenya, maeneo bunge 290 na wadi 1,450 vinaingia vyote bila kumlemea mtu. Kata za Tanzania, zinazokaribia 4,000, ukizipa herufi 30 kila moja zinafika kilobaiti 120 kabla ya kubanwa. Hizo ningeziomba wilaya kwa wilaya na kuyaweka majibu kwenye kumbukumbu ya ukurasa. Vijiji vinazidi 12,000, na hapo kutuma vyote ni kumlia mtu bando lake. Ipo pia njia ya mkato ya kuweka wilaya zote katika orodha moja na kuzificha zisizohusika kwa CSS. Iepuke. Safari na Internet Explorer kwa miaka mingi zilipuuza agizo hilo na kuonyesha kila kitu.

Lolote utakaloamua, seva haipaswi kuuamini ukurasa. Ukurasa uko mikononi mwa mtu, naye anaweza kutuma kata yoyote na wilaya yoyote, kwa ubaya au kwa hitilafu nilizozitaja. Seva ikague yenyewe kama kata hiyo ni ya wilaya hiyo. Njia ninayoipenda ni kuhifadhi msimbo wa ngazi ya chini kabisa peke yake. Ukishajua kata, wilaya na mkoa vinatafutwa kwenye jedwali, na Mashewa ya Masasi haiwezi hata kuandikika.

Jedwali hilo ndilo lililomwangusha mzee wa Mbozi. Mipaka huhama. Machi 2012 Tanzania ilipata Geita, Katavi, Njombe na Simiyu kwa mpigo. Baadaye Ubungo ikatoka Kinondoni na Kigamboni ikatoka Temeke. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitoka mikoa 11 hadi 26 mwaka 2015, Katanga ikagawanywa kuwa minne. Rwanda mwaka 2006 iliunganisha mikoa yake ikabaki minne na Jiji la Kigali, na Burundi mwaka 2025 ilishuka kutoka mikoa 18 hadi 5. Kila badiliko la namna hii huharibu orodha chungu nzima zilizoandikwa ndani ya hati na watu waliokwishahama kazi. Jedwali linalofaa lina safu mbili ambazo wengi hawaziweki: eneo lilianza kuwa chini ya mzazi huyu lini, na lilikoma lini. Aliyejiandikisha Sinza mwaka 2010 alikuwa mkazi wa Kinondoni, na anayejiandikisha leo ni wa Ubungo. Kumbukumbu zote mbili ni za kweli, na kanzidata isiyo na tarehe italazimika kuongopa kuhusu mojawapo.

Tena ngazi zenyewe hazilingani kila mahali. Wilaya ya Moshi ina halmashauri mbili, ya manispaa na ya wilaya. Bagamoyo ina yake pamoja na Chalinze. Mkazi wa Unguja anaulizwa mtaa au kijiji, ilhali yeye anaijua shehia yake. Fomu iliyochongwa kwa ngazi nne za bara humlazimisha abuni jibu. Kichwa cha kisanduku nacho ni sehemu ya jibu, kwa hiyo nacho kibadilike kufuatana na kilichochaguliwa juu.

Baada ya yote haya ninajiuliza kama mnyororo huu unahitajika. Miongozo ya huduma za kidijitali za serikali ya Uingereza husema orodha kunjuzi itumike pale tu njia nyingine zimeshindikana, nami nakubaliana nayo nusu. Mtu anayetafuta tawi la benki au aina ya gari huenda hajui jina la anachokitafuta. Huyo aongozwe ngazi kwa ngazi. Anwani ni habari nyingine. Hakuna mtu anayehitaji kushikwa mkono kutoka mkoa hadi kata ili aifikie nyumba yake. Mwache aandike jina la kata, fomu imletee "Majengo, Manispaa ya Moshi" na "Majengo, Jiji la Dodoma" achague moja, na ngazi za juu zijijaze. Akiandika Nyanghwale bila alama, aeleweke. Kisanduku kimoja hicho kina kazi zaidi upande wa seva, ila kinaondoa kufuta, kusubiri kwa zamu na nusu ya simu za malalamiko. Kwa fomu za anwani hapa kwetu, hilo ndilo ninalolipendekeza kwa kila mteja, na karibu kila mteja hunijibu kwamba bosi amezoea visanduku vinne.

Kijana wa stesheneri hakuhitaji uchambuzi wangu. Alirudi juu, akachagua Mbeya, Mbozi ikajitokeza, akaendelea. Nilimwuliza kama hukutana na hali hiyo mara kwa mara. "Kaka, wa Songwe wote ndivyo ninavyowajaza." Karatasi aliyotoka nayo mzee imeandikwa kuwa yeye ni mkazi wa Mkoa wa Mbeya.